Bahari ya Kiamunyi

Daktari wangu wa meno hapa Nakuru ameweka tangi la samaki wa baharini pale tunapongojea zamu. Wagonjwa wenzangu, watu wazima wenye meno ya kahawia kama yangu, zawadi ya maji ya visima vya huku kwetu, hulizunguka na simu zao wakisema, "Woi, ona vile iko fiti." Mimi hukaa kiti cha mbali, karibu na mlango. Kuangalia si shida. Shida ni pua. Chumba kinaweza kupuliziwa manukato ya kila aina, lakini mchanga wa bahari uliolowa una harufu yake, na ikinifikia tu, dharau inanipanda kooni kama kiungulia.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tulikua wakati wazazi wetu walikuwa wanatoka mashambani kuja kujenga mtaani, na kila mmoja alitaka jirani ajue kwamba amefika. Mmoja alisimamisha nguzo kubwa za simiti mbele ya nyumba ya vyumba viwili. Mwingine alinunua mbwa wa bei, akamlisha ugali na sukuma wiki mpaka akakonda akafa. Tuliwacheka. Baba yangu ndiye aliyewacheka zaidi, kisha akawapita wote, kwa sababu yeye alileta bahari sebuleni.

Yuko hai, ana afya yake, na mpaka leo anaisimulia hadithi hii kwa namna yake: kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuleta bahari Kiamunyi, mtaa wetu, na kwamba fundi wa vioo ndiye aliyemwangusha. Anaisimulia arusini, anaisimulia matangani. Watu wanatikisa kichwa na kusema mzee aliona mbali. Aliona mbali wapi! Mimi nilikuwepo.

Baba alizaliwa Njoro, na utajiri wake, kama ni lazima tuuite utajiri, ulitokana na mashine ya kuvuna ngano aliyokuwa akiikodisha kwa wakulima. Ngano ilipokubali misimu kadhaa mfululizo, akanunua ploti Kiamunyi na kujenga nyumba ya mawe yenye taili sakafu nzima, taili za kung'aa zilizokuwa zinatuangusha hata tukiwa na soksi. Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Ya Baba yalisikika mtaa mzima. Alikuwa na tabia ya kuziba mdomo kwa mkono kila anapocheka ili watu wasione meno yake, na sisi watoto alitufundisha kutabasamu huku midomo imefungwa. Katika picha zangu zote za utotoni ninaonekana kama mtu aliyemeza dawa chungu.

Sasa, dada yangu Wangeci alikuwa amemaliza chuo na anafundisha watoto wa nasari. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na yeye alinipita kwa miaka mingi kiasi kwamba alikuwa nusu dada, nusu mama. Alikuwa amempata Ndirangu, kijana wa Njoro aliyekuwa akizunguka na pikapu kukusanya maziwa ya wakulima asubuhi. Nilimpenda Ndirangu kwa sababu alikuwa akicheka na meno yote nje, kahawia kwa kahawia, bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wa kwao wakatuma ujumbe kwamba wangependa kuja kubisha hodi kwa mila yetu ya Kikuyu, walete mbuzi wa kwanza, wale wa kuonyesha kwamba msichana huyu ana wenyewe.

"Watu wa maziwa," Baba akasema, akiwa ameketi kwenye kile kiti chake cha ngozi ambacho hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kukikalia. "Waje. Lakini wakifika hapa lazima wajue wanaoa wapi."

Hapo ndipo bahari ilipozaliwa. Baba alikuwa ametoka Mombasa kwenye mkutano wa wenye mashine za kilimo, na hotelini kwao kulikuwa na tangi la samaki pale pa kupokelea wageni. Hebu mfikirie. Mtu amelala Mombasa, bahari yenyewe iko nje ya dirisha, ya bure, imetandazwa na Mungu mpaka macho yanachoka, naye akaipa mgongo akaipenda ile ya kwenye kioo. Alirudi nyumbani akiwa na karatasi alizochapishiwa saiba, duka la intaneti, maelezo ya jinsi ya kutengeneza tangi la maji ya chumvi, yenye mawe ya matumbawe na mchanga. Alizisoma kwa sauti mezani, tukiwa tunakula. Kisha akafanya kinyume cha kila kitu kilichoandikwa.

Mchanga na mawe vililetwa na dereva wa lori kutoka Pwani, na tulienda kuvipokea Mai Mahiu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari. Baba alinibeba ili nishuhudie. Nakumbuka vumbi, moshi wa nyama choma, na magunia yaliyolowa yakiteremshwa huku yakidondosha maji meusi. Dereva alifungua gunia moja. Ndani kulikuwa na mawe yaliyojaa vishimo, mengine yana rangi ya zambarau, mengine yamefunikwa kitu cha utelezi kilichokuwa kinajikunja kikiguswa. Siku hizi najua mawe hayo hayatolewi baharini hivi hivi, kuna sheria. Siku hiyo nilijua tu kwamba yananuka.

"Boss, hii iko na wadudu bado inaishi ndani," dereva akasema. "Ukifika weka kwa maji haraka."

"Najua," Baba akasema. Hakujua. Tulipitia kwa rafiki yake mmoja Naivasha, akanywa chai mpaka jua likaegemea, huku wadudu wa bahari wakifa polepole nyuma ya gari.

Tangi lilikuwa limetengenezwa mjini, refu kama jeneza la mtu mzima, likawekwa sebuleni mkabala na mlango ili mgeni akiingia tu ligongane na macho yake. Mama alijitolea kuosha mchanga kwanza. Alikuwa amesikia karatasi zikisomwa, na isitoshe, Mama ni mtu wa shamba, anajua kitu kikitoka kwa gunia kinaoshwa. Alikuwa tayari ameshaleta beseni.

"Wacha!" Baba akamkemea. "Mchanga wa bahari ukiuosha chumvi itatoka. Utabaki mchanga wa mto. Wa mto si uko mwingi hapa?"

Basi ukamwagwa hivyo hivyo. Karatasi zilisema pia kwamba mawe hutangulia, yakae juu ya kioo chenyewe, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Baba alicheka, mkono mdomoni. "Hao wazungu hawana adabu ya nyumba. Kwani meza huwekwa vyombo kabla ya kitambaa?" Akatandaza mchanga vizuri, akausawazisha kwa kiganja kama anatandika kitanda, kisha akapanga mawe juu yake, moja juu ya lingine, mpaka akapata mnara uliokaribia mdomo wa tangi. Akauita Longonot, jina la ule mlima wa huko Naivasha. Maji ya bahari yaliyokuja kwa mitungi yalifika nusu tu, kwa hivyo akajazia kwa maji ya mvua na chumvi ya ng'ombe kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo.

"Hiyo si ya kulambwa na ng'ombe?" Mama akauliza.

"Chumvi ni chumvi. Ng'ombe anakula na anatoa maziwa. Samaki ni nani?"

Alipowasha pampu, sebule yetu ikapata bahari nyeupe pee. Huoni jiwe, huoni Longonot, huoni hata upande wa pili. Ilikuwa kama mtu amemwaga uji wa mahindi ndani ya kabati la vioo. Baba alisimama mbele yake jioni nzima akisema itatulia. Haikutulia. Watu wa Ndirangu walikuwa waje Jumamosi hiyo, na Ijumaa Baba akapiga simu kuahirisha. Kwa mila zetu, mwenye msichana ndiye mwenye siku, na mwenye kuomba hana la kusema. Wakasema sawa. Mama akamwuliza, "Hao watu wanakuja kuona msichana ama wanakuja kuona maji?"

Maji yalipoanza kusafika ndipo harufu ilipokuja. Kila kilichokuwa hai kwenye yale mawe kilikuwa kimekufa, na kile kilichokuwa kimenusurika safari, nadhani chumvi ya ng'ombe ilikimaliza. Ilikuwa harufu ya yai bovu na kamba iliyolowa na kitu kingine kitamu kitamu ambacho sijawahi kukipatia jina. Iliingia kwenye mapazia. Iliingia kwenye sare yangu ya shule, nikaanza kuitwa Omena darasani, kama vile visamaki vya ziwani vinavyonuka. Baba akaahirisha mara ya pili.

Na asubuhi moja, nikipiga mswaki, nikamsikia Wangeci akitapika chooni. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Akitoka anafuta uso, anajiegemeza ukutani, na akipita sebuleni anaziba pua. Mimi nikajumlisha moja na moja kwa akili zangu zote za miaka tisa: bahari ya Baba inamuua dada yangu.

Sikunyamaza. Sijawahi kuwa mtoto wa kunyamaza. Kina mama wa kanisa walipokuja kwetu kwa maombi ya nyumba kwa nyumba, wakiwa wameketi na vikombe vya chai wakijitahidi kutokunja pua, niliwaambia kwa sauti ya kutosha: "Wangeci anatapika kila asubuhi kwa sababu ya bahari ya Baba. Na hataki mayai. Na viatu vyake vimemkaza."

Vijiko vilisimama. Mama mmoja akaanza kikohozi kisichoisha. Mwingine akasema, "Bwana asifiwe," bila kuelekea popote. Mama yangu aliweka birika mezani polepole sana, akanitazama, kisha akatazama mlango wa chumba cha Wangeci. Mimi nilijiona shujaa. Nilidhani hatimaye watu wazima wamesikia na tangi litatolewa nje.

Siku hiyo nilisikia minong'ono chumbani, sauti ya Mama na kilio cha Wangeci kilichozibwa na mto. "Ndirangu anajua?" "Anajua. Ndiye anataka waje haraka." "Mama yake?" "Anajua." "Basi baba yako asijue mpaka mbuzi zipokelewe." Nilielewa hivi: Baba asijue kwamba bahari yake inafanya watu wagonjwa, atahuzunika. Nikamhurumia kidogo. Leo naiona huruma ile kama kitu nilichoibiwa.

Kwa sababu Mama alikuwa na haki ya kuogopa. Msichana wa jirani alikuwa amepata mimba nyumbani kwao, na Baba alikuwa amesema mbele yetu sote, akikata nyama yake, kwamba angekuwa wake angemfungia geti na kusahau jina lake. Mbuzi wakishapokelewa, Wangeci ana mume, na mtoto ana kwao, na ulimi wa mtu yeyote hauna pa kushika. Wasipopokelewa, Wangeci ni wa kufungiwa geti. Siku zilikuwa zinakwenda, gauni la Wangeci lilikuwa linaanza kumbana, na kilichokuwa kimesimama kati yake na maisha yake ni sanduku la maji machafu.

Lakini sehemu inayonifanya nimdharau Baba mpaka kesho ni hii. Maneno yangu yalimfikia, kama maneno yote ya kanisani yanavyofika. Na aliyaamini! Mtu mzima, mwenye mke, aliyezaa watoto, aliyelea ng'ombe tangu utotoni na anayejua ndama anavyokuja duniani, aliamini uchunguzi wa mtoto wa darasa la tatu. Alinunua dawa ya kupulizia yenye harufu ya mawaridi. Alimwambia Mama, kwa huruma kabisa, "Wageni wangoje kidogo. Wacha hii harufu iishe, msichana apone."

Mama alimgeukia. "Baba Wangeci," akasema, "hiyo siku ikipita tena, mimi nitawapokea hao watu peke yangu, huko nje kwa nyasi." Hakuwa amewahi kuongea naye hivyo. Baba akapanga siku.

Wiki ya mwisho tangi lilikuwa limependeza, siwezi kudanganya. Baba alibadilisha maji, akapata mengine kutoka kwa yule dereva wa lori, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wakaletwa wakiwa kwenye mifuko iliyojaa hewa. Mawe yaliyokufa yalikuwa yamegeuka meupe na Longonot ukasimama katikati, mnara wa mifupa. Wale samaki wengi walikufa, wawili wakabaki. Ila kulikuwa na mkazi mwingine ambaye hakuna aliyemnunua. Kaa mdogo, wa saizi ya kifungo cha koti, alikuwa amejificha ndani ya jiwe tangu Mai Mahiu na akakataa kufa. Nilimwona mimi. Kila nikitoka shule nilikuwa nakaa sakafuni na kumtazama akichimba chini ya Longonot, anachota mchanga, anaubeba, anautupa kando, anarudi. Alifanya kazi kuliko mtu yeyote katika nyumba ile isipokuwa Mama.

"Baba, kaa anatoa mchanga chini ya jiwe," nikamwambia. "Jiwe limeinama."

"Anajenga nyumba yake. Ndiyo maisha ya bahari hiyo. Enda ufanye homuweki."

Siku yenyewe wakaja, watu wa maziwa. Wazee wachache wenye kofia, Ndirangu akiwa na suti iliyomzidi mabega, na mama yake, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu vya mkamuaji aliyetuamkua kwa kutushika mkono kwa mikono yote miwili. Walileta mbuzi jike na kondoo jike ambao hawajawahi kuzaa, kama inavyotakiwa. Kwetu tukiwa katika shughuli hiyo wote wawili tunawaita mbuzi tu. Wakafungwa kwenye nyasi karibu na geti. Wangeci alivaa gauni pana na leso juu yake. Shangazi mmoja alisema amenona.

Sasa, kuna utaratibu. Wageni hula, kisha husema wametumwa na nini, kisha msichana huitwa na kuulizwa mbele ya wote kama anawajua hawa watu na kama vitu vyao vipokelewe. Akisema ndiyo, imekwisha. Neno moja tu. Mzee wetu wa kuongea alikuwa ameshasafisha koo, Wangeci ameshaitwa, amesimama pale mlangoni mikono imeshikana mbele, na Mama amesimama nyuma yake na nilimwona akivuta pumzi.

"Kabla hatujafika huko," Baba akasema, akiinuka. "Wageni hamjaonyeshwa nyumba. Karibuni muone bahari."

Wazee wakatazamana. Wakainuka, wangefanya nini? Mgeni hachagui. Baba akaanza hotuba. Akawaambia maji yalitoka wapi, mawe yalitoka wapi, karatasi zilisemaje, jinsi alivyobadilisha hili na lile kwa ujuzi wake. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Mama Ndirangu alisema kwa heshima, "Ni kazi kubwa, baba." Mzee mmoja akauliza kama hao samaki wanaliwa. Baba akacheka na mkono mdomoni, akagonga kioo kwa pete yake ili samaki wageuke, akagonga tena.

"Wangeci, kuja usimame hapa kando, mpigwe picha na bahari. Wakwe wapeleke nyumbani."

Wangeci akaenda. Baba akagonga kioo mara nyingine. Nilikuwa nimekaa sakafuni mahali pangu na nikaona mnara ukiinama, kwa upole kabisa, kama mzee anayesinzia kanisani. Nikasema, "Baba." Longonot ukaangukia kioo cha mbele. Kioo kikatoa sauti moja tu, na bahari yote ya Kiamunyi ikatoka kwa pamoja.

Maji yalimpiga Wangeci magotini. Kwenye taili zile hata mtu mkavu hasimami. Alianguka ubavu, na akiwa bado hewani mikono yake yote miwili ilienda tumboni, haikwenda kujizuia. Wanawake wote waliona mikono ile. Mama Ndirangu akapiga ukemi, "Wuui! Mtoto!"

Na baba yangu, mwenye nyumba, mwenye msichana, mwenye siku, akapiga magoti katikati ya vioo na mchanga, akapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiitumia kwa yeyote kati yetu:

"Samaki! Shikeni samaki!"

Alitambaa. Alimpita Wangeci. Nasema alimpita, goti lake likakanyaga leso yake, akamfikia samaki mmoja chini ya meza, akamkamata kwa viganja viwili, na akaniambia nilete sufuria. Na mimi, Mungu anisaidie, nilimletea, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, Baba akisema lete, unaleta.

Kijana anayeomba msichana hatakiwi kunyanyua hata kikombe siku hiyo mpaka aambiwe. Ndirangu hakungoja kuambiwa. Alipita kwenye vioo na viatu vyake vya kuazima, akambeba Wangeci na kutoka naye mpaka kwenye pikapu. Damu kidogo ilikuwa mkononi mwa Wangeci, ya kioo. Wangeci alikuwa analia, anasema, "Sijaulizwa, sijajibu." Mama alikuwa anamfuata, kiatu kimoja mguuni, lakini Mama Ndirangu akamshika bega pale mlangoni.

"Huyu nitamshika mimi," akamwambia. "Wewe shika mbuzi."

Wakaondoka kuelekea hospitali. Wazee wao wakawafuata kwa gari lingine, soksi zimelowa, hakuna aliyeaga. Wazee wetu na mashangazi nao wakakumbuka shughuli zao. Tukabaki watatu na sebule iliyojaa mchanga, na Baba akiwa na sufuria mikononi, akiniagiza maji na chumvi, maji na chumvi, upesi. Nilimwuliza Mama kama maji ya bahari yamemwingia Wangeci tumboni. Alikuwa amesimama mlangoni akiangalia barabara.

Simu ilikuwa moja nyumbani, na ilikuwa inakaa mfukoni mwa Baba. Jua lilikuwa limeshuka upande wa kilima ilipolia. Baba hakuwa na mkono wa kuishika, kwa hivyo Mama alimwendea na kuichomoa mfukoni mwake bila kuomba, akaisikiliza. Sauti ya Mama Ndirangu ilikuwa kubwa, hata mimi niliisikia.

"Daktari amesikia mtoto. Moyo unapiga. Wote wako sawa." Kisha akauliza, "Na mbuzi?"

"Ziko," Mama akasema, na akalia mara moja tu, kwa sauti, kisha akajifuta.

Baba aliweka sufuria chini. Ilimchukua muda. Ungeona jinsi ilivyokuwa ikimwingia, kutapika na mawaridi na mayai na viatu, kimoja baada ya kingine. Uso ukamvimba.

"Mtoto gani?"

"Mjukuu wako," Mama akasema.

"Hakuna kitu kimepokelewa hapa!" akafoka. "Hakuna mtu ameulizwa, hakuna mtu amejibu! Hizo mbuzi zirudi kabla jua halijazama, na huyo msichana asikanyage hii nyumba. Kadogo! Nenda ufungue hizo mbuzi utoe nje ya geti."

Kadogo ni mimi. Niliinuka. Mama akanishika kichwa kwa kiganja, akanikalisha tena, akatoka yeye mwenyewe. Tukamwona kupitia mlangoni akifungua kamba kwenye nyasi. Baba akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha Mama akageuka na kamba mbili mkononi, akaipa geti mgongo, akapandisha mbuzi na kondoo kwenye ngazi za mbele na kuwaingiza sebuleni.

Waliteleza kwenye taili, kwato zikilia, wakakaribia kuanguka. Halafu yule mbuzi akanusa chini. Akalamba. Akalamba tena, na kondoo akaja kando yake, na wote wawili wakaanza kula chumvi ya bahari ya Baba kutoka kwenye zulia, kwa bidii, mikia ikitikisika, wakisukuma mawe ya matumbawe kando kwa pua zao. Mbuzi alikunywa kutoka kwenye sufuria. Sijui nini kilimpata samaki na sikuuliza.

"Mama Wangeci! Unafanya nini?"

"Unajua mila kuliko mimi," Mama akasema. Hakuinua sauti. "Mbuzi zikilala kwa mtu, zimepokelewa. Hata kama hakuna mtu aliulizwa."

"Hazijalala!"

Mama alifunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia kifuani. Akaruka vipande vya kioo, akaenda mpaka kwenye kile kiti cha ngozi, akaketi, akanyoosha miguu yake iliyolowa. Kondoo alikuwa ameshiba chumvi. Alikunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akajilaza katikati ya ule mchanga mweupe na kuanza kucheua.

"Zimelala," Mama akasema.

Dirishani bado kulikuwa na jua.